Bwawa la machimbo Shanzu limejaa ngege wadogo: nataka samaki wa kushindaniwa kwa ndoana, nianze wapi?

MwanaShanzu

Salaam ndugu zangu. Kuna shimo la zamani la mawe ya matumbawe upande wa Shanzu, Mombasa, ambalo limejaa maji ya chini ya ardhi. Ukubwa ni mita za mraba 4,200 hivi, yaani zaidi kidogo ya ekari moja. Nusu ya bwawa ina kina cha mita 1 hadi 1.5, nusu nyingine inashuka hadi mita 3.5. Haliwezi kukaushwa, kwa sababu ukivuta maji yanarudi kutoka chini, na huinuka na kushuka kidogo kufuata maji kujaa na kupwa baharini.

Wenye shamba wanataka kuligeuza liwe mahali pa watu kuvua kwa fimbo na kumrudisha samaki majini. Wanataka samaki ambaye mtu atapiga naye picha, si kitoweo. Shida ni kwamba lina ngege (tilapia) tu, na wote vidagaa. Tulivua 100 kwa kimia: wastani wa urefu sentimita 13, uzito gramu 31. Majike wa sentimita 11 tayari wana mayai mdomoni.

Vipimo vya maji: chumvi 3 kwa elfu juu, 4 chini. Joto 30.5 juu na 27 kule kwenye kina. pH (kipimo cha uchachu wa maji) asubuhi 8.0, jioni 9.1. Sahani ya kupimia uwazi inapotea kwenye sentimita 22.

Kuna anayetushauri tumwage chakula kwa wingi, mwingine anasema tulete sangara, mwingine anataka samaki aina ya bass kutoka Ziwa Naivasha. Bajeti ipo lakini si ya kuchezea. Mngeanza wapi?

Fundi wa Mabwawa

Ndugu, umefanya vyema kuleta vipimo. Wengi huja na picha ya maji tu.

Tuchukue hao ngege wako kwanza, tupime unono wao. Chukua uzito kwa gramu, zidisha kwa 100, gawa kwa urefu × urefu × urefu wa sentimita. Wa kwako: 31 × 100 ÷ 2,197 = 1.41. Ngege mwenye afya hucheza kati ya 1.8 na 2.0, kwa hiyo samaki wa sentimita 13 angepaswa kukaribia gramu 40. Wako wamekonda, na ukiwatazama utaona kichwa na macho ni makubwa kuliko mwili. Hao si watoto. Ni wazee waliodumaa, ndiyo maana jike wa sentimita 11 anaatamia mayai mdomoni. Ngege akikosa nafasi huacha kukua na kuanza kuzaa akiwa mdogo, na kila wiki nne hadi sita anatema mamia ya wengine.

Ndiyo maana shauri la kumwaga chakula litawalia pesa bure. Chakula kitageuka mayai. Utapata vidagaa wengi zaidi, wenye shibe kidogo.

Kabla ya kununua chochote, wenye shamba waamue ni samaki gani mfalme wa bwawa hilo. Hili si suala la ladha. Bwawa la ngege wakubwa linataka uzazi ufe kabisa: madume watupu, kina kirefu, kingo zilizosimama wima ili pasiwe na mahali pa kuchimba viota. Bwawa la kambare wakubwa linataka kinyume chake: ngege wazae bila kukoma ili kambare wale. Kuna watu hutaka vyote viwili kwa mpigo na huishia na kambare wenye njaa na ngege wa gramu mia.

Kwa kuwa bwawa lako halikauki, majike hutawamaliza hata ukivua mwaka mzima. Wakibaki majike 25 tu, baada ya miezi michache wana maelfu. Kwa hiyo mimi ningemfanya kambare mfalme na hao ngege waliodumaa wawe chakula chake. Unatumia ubovu wa bwawa badala ya kupigana nao.

Anza kwa kuhesabu. Vua ngege 200 au zaidi kwa juya (wavu mrefu wa kukokota), kata ncha ya juu ya pezi la mkia kwa mkasi, milimita 5 inatosha, warudishe sehemu mbalimbali za bwawa. Baada ya siku nne hadi saba vua tena, hesabu wote na waliokatwa. Idadi ya bwawa ni waliokatwa mwanzoni zidisha kwa waliovuliwa mara ya pili, gawa kwa waliokatwa uliowakuta. Usipitishe wiki mbili, pezi huota. Na usivue mara ya pili kwenye kona ileile ulikowaachia, utakuta wengi waliokatwa na utajidanganya kuwa samaki ni wachache.

Juya liwe na urefu mara moja na nusu ya upana wa bwawa na kimo mara moja na nusu ya kina unachokokota, macho ya nusu inchi. Zungumzeni na afisa wa uvuvi kabla, maana juya limepigwa marufuku baharini na hutaki kueleza mambo ukiwa nalo barabarani.

Kusi na Kaskazi

Nakubaliana na Fundi kuhusu samaki, ila kwanza tuongee maji. Hilo bwawa lina hatari mbili ambazo hamjaziona kwa sababu ngege wadogo ni wagumu kufa.

Ya kwanza ni mwani. Uwazi wa sentimita 22 na pH inayopanda kutoka 8.0 hadi 9.1 kwa siku moja ni dalili ya maji yaliyojaa mwani mdogo kupita kiasi. Mchana mwani hutoa hewa na kula kaboni dayoksaidi, pH inapanda. Usiku nao unavuta hewa pamoja na samaki. Kipimo kinachohitajika hujakileta: oksijeni nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwenye nusu mita na kwenye mita 2. Mkikuta miligramu 3 kwa lita na kuendelea, vizuri. Chini ya hapo samaki hawakui hata wakila, na chini ya 1 hata ngege hupanda juu kuhema. Kambare atavumilia kwa kuwa anavuta hewa ya juu, lakini chakula chake kitakufa.

Halafu pH ya 9.1 inahusu amonia, taka wanayotoa samaki. Kwa joto la nyuzi 28, maji yakiwa na pH 7 amonia iliyo sumu haifiki hata asilimia 1 ya yote iliyomo. pH ikiwa 8 ni kama asilimia 6, pH ikiwa 9 ni asilimia 40. Kipimo kilekile cha amonia ambacho asubuhi hakina neno, saa kumi jioni kinachoma mashavu ya samaki. Kwa hiyo mkianza kulisha, lisheni asubuhi saa tatu, si jioni.

Ya pili ni lile shimo la mita 3.5. Juu 30.5 na chini 27, tena chini kuna chumvi zaidi: maji hayo yamekaa matabaka mawili na la chini halipati hewa. Pimeni hivi: chupa ya soda, ifungeni jiwe, kizibo cha kukazwa kwa mkono kikiwa na kamba yake, ishusheni hadi karibu na tope, vuteni kizibo, subirini ijae, ipandisheni. Ikinuka yai viza, chini kuna gesi ya salfa. Maji yenye chumvi hutengeneza hiyo gesi zaidi kuliko maji yasiyo na chumvi kabisa.

Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, jua linachoma juu na tabaka la juu linabaki limelalia la chini kama mfuniko. Masika yakipiga Aprili, mvua ya baridi na upepo wa kusi unaoanza huchanganya yote kwa usiku mmoja. Asubuhi mnakuta samaki weupe wanaelea na watu wanasema bwawa limetiwa sumu.

Dawa yake ni kuchanganya maji polepole kabla ya masika. Pampu ya hewa yenye mpira wa vitundu uliolazwa chini inafaa kwa kina hicho. Gurudumu la kupiga maji juu linafaa zaidi kwa upande wa mita 1 hadi 1.5, na la nguvu-farasi moja kwa ekari linatosha kwa dharura. Ila msiwashe pampu ya chini siku ya kwanza usiku kucha! Mtafanya wenyewe kile mvua ilichotaka kufanya. Siku ya kwanza nusu saa, ya pili saa moja, ya tatu saa mbili, mnaongeza maradufu hadi siku ya tano, na mnafanya mchana wakati juu kuna hewa tele. Baadaye endesheni kuanzia saa nne usiku hadi saa moja na nusu asubuhi.

Chokaa msinunue. Bwawa lenyewe liko ndani ya matumbawe, chokaa mnayo ya kutosha. Mbolea nayo hapana kwa sasa. Kwenye maji magumu namna hiyo fosforasi hushikwa na kalsiamu na kuzama kabla mwani haujaigusa, na mwani mnao kupita haja.

Ndoana Namba Sita

Mimi nitajibu kuhusu sangara na bass, maana swali hilo halifi.

Bass waliletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na kule wanaishi kwa sababu ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya bahari na usiku kuna baridi. Huyu samaki hutaga maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 24. Pwani yetu maji ya bwawa ni nadra kushuka chini ya 25 hata Julai. Ukimleta mkubwa ataishi na atakula, lakini hatazaa, kwa hiyo utakuwa unanunua samaki kila mwaka. Sangara naye hawezi kukosa hewa hata kidogo. Usiku mmoja wa oksijeni ndogo na mnamzika. Hata bila hayo, kumhamisha samaki mgeni kunataka kibali chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na yaliyowapata samaki wadogo wa Ziwa Victoria baada ya sangara kuingizwa miaka ya 1950 hakuna afisa atakayeyasahau akiwa na kalamu mkononi. Akitokea mtu wa kuwashauri kamba wa Naivasha wawe chakula, mfukuzeni. Kamba hao hung'oa mimea na kutoboa kingo.

Mimi nabishana na Fundi mahali pamoja. Kambare ni samaki mzuri wa kupigana naye, ila watu wengi wanaolipa kuvua kwa fimbo nyepesi wanataka ngege wa kilo moja na nusu. Anakata kamba kuliko kambare wa uzito huohuo na anavuliwa mchana. Kambare anakuja jua likizama. Je, mnataka wageni wenu usiku kando ya shimo la mita 3.5?

Fundi wa Mabwawa

Bwana Ndoana, hoja ya wageni ni ya haki, lakini fanya hesabu. Ngege 500 wa kilo 1.5 ni kilo 750. Wakubwa hao hulishwa kama asilimia 1.2 ya uzito kwa siku, yaani kilo 9. Bwawa la ekari moja lisilo na mashine ya hewa lisipewe zaidi ya kilo 10 hadi 12 kwa siku, la sivyo oksijeni ya alfajiri inakwisha. Kwa hiyo 500 ndio mwisho, na hapo hakuna nafasi ya kilo 150 au 200 za vidagaa. Kwenye bwawa linalokauka ningefanya hivyo bila kufikiri mara mbili. Hapa hapana.

Bi Likoni

Ndugu MwanaShanzu, kabla ya kuleta samaki yeyote, mjue kwanza ngege mlio nao ni nani. Mtazame mkia wa samaki mzima. Ukiwa na mistari ya wima iliyopangika vizuri toka juu hadi chini, huyo ni *Oreochromis niloticus*, ngege wa Mto Nile anayefugwa kila mahali. Mkia usio na mistari hiyo, huenda ni *Oreochromis spilurus*, ngege wa mito yetu ya pwani. Huyo wa pili anavumilia chumvi kuliko mwenzake hadi hufugwa hata kwenye maji ya bahari, lakini hakui kufikia ukubwa wa niloticus. Kama mnaye spilurus na mnamlisha mkitumaini kilo mbili, mtasubiri sana.

Wakikutana wanazaliana na kuchanganyika damu. Ndiyo maana watu wa uhifadhi wana hofu juu ya ngege wa Ziwa Jipe na wa Ziwa Chala, ambao hawapatikani ila huko na bonde la Mto Pangani. Bwawa lenu halina mto wa kutokea, hiyo ni bahati. Lakini angalieni masika: kama kuna mfereji ambao maji huvuka, uwekwe wavu wa chuma wa macho ya nusu inchi ukiwa umelala mshazari, si wima. Ukiwa wima unazibwa na majani kwa saa moja na maji yanavuka juu na samaki wako.

Jambo jingine: asije mtu akawaambia mtie utupa au dawa ya kuua samaki ili muanze upya. Maji hayo ni mamoja na ya visima vya jirani.

Kuhusu kambare, mnunue wenye sentimita 15 hadi 20, wote saizi moja. Kambare mdogo humla nduguye aliye mdogo kuliko yeye hata kidogo tu, na wale wa sentimita 5 ndege kama mnandi na korongo watawamaliza kabla ya mwezi. Muulize mwenye hachari (mahali pa kutotolea vifaranga vya samaki) chumvi ya maji yake. Kama amewalea kwenye maji ya bomba na nyinyi mna 3 kwa elfu, si kikwazo kwa saizi hiyo, lakini msiwatupe tu. Mfuko uelee dakika 20 kwanza, halafu mnaongeza maji ya bwawa robo kwa robo kila dakika 15. Lije gari alfajiri. Mchana wa Mombasa ndani ya mfuko ni jiko.

MwanaShanzu

Ahsanteni sana. Tumefanya mnayoyasema, majibu haya hapa.

Chupa ilinuka vibaya, mtu alikaribia kutapika. Oksijeni kabla ya jua: 2.6 kwenye nusu mita, 0.4 kwenye mita 2. Mkia hauna mistari, Bi Likoni. Tulikata mapezi 240. Mara ya pili tulivua 310, waliokatwa wakawa 15.

Wenye shamba wamekubali kambare awe mfalme, lakini wanaomba ngege wakubwa wachache wawepo kwa wageni wa mchana. Inawezekana bila kuharibu mpango? Na tuwatoe vidagaa wangapi, tuwaweke kambare wangapi?

Fundi wa Mabwawa

240 × 310 ÷ 15 = 4,960. Kwa gramu 31 kila mmoja ni kama kilo 154, bila kuhesabu wale wanaopenya juya. Kwa bwawa lisilolishwa ni mzigo mkubwa.

Toeni 3,000, kama kilo 93. Msishangae kwamba nawaambia mtoe chakula cha kambare. Kambare mchanga hamezi ngege wa sentimita 13. Hata kambare wa nusu mita kwa kawaida huishia kwenye wa sentimita 8 au 10. Hao wakubwa waliodumaa wamekaa tu wakila chakula cha watoto. Wakipungua, waliobaki wananenepa, wanataga mayai mengi zaidi, na hao watoto ndio mlo. Juya litatoa wengi siku mbili za kwanza, kisha samaki wanajifunza na mavuno yanashuka. Hapo geukieni madema (mitego ya samaki): manne au matano yenye macho ya inchi moja, chambo pumba iliyokandwa na ugali, kwenye kina cha mita moja, yakaguliwe asubuhi na jioni. Dema lililosahaulika siku mbili ni tope la samaki waliokufa.

Kambare wawe 40. Msifike 100 hata kama bei inavutia. Kambare anahitaji takriban kilo 5 za samaki ili aongeze kilo moja, kwa hiyo 40 wakiongeza kilo 2 kila mmoja kwa mwaka wanataka kilo 400 za vidagaa. Bwawa lenu haliwezi kutoa hizo zote, ndiyo maana mtawasaidia na chakula cha kuelea chenye protini asilimia 35, kidogo mwanzoni, kila siku mahali pamoja na saa ileile. Tarajieni kilo moja kabla ya mwaka kwisha na tatu au nne mwishoni mwa mwaka wa pili. Wa kilo 8 ni miaka minne au mitano, na wenye shamba waambiwe hivyo leo, si baadaye. Uzuri wa kambare ni kwamba kwenye maji yaliyotulia ni nadra kutaga. Hutaka maji yanayopanda na kufunika majani. Idadi mliyoweka ndiyo mtakayokuwa nayo, ukitoa wanaokufa.

Ngege wa mchana wawekeni kizimbani kwanza. Kizimba cha mita 2 kwa 2 kwa 2, wavu wa macho ya milimita 12, sakafu yake iwe mita moja juu ya tope, kikae upande unaopigwa na upepo. Madume 200 watupu. Wakifika gramu 300 wafungulieni 120, waliobaki wauzwe. Kwa ukubwa huo kambare hamwezi, na kwenye chakula hawasumbuliwi na vidagaa. Wale waliokuwa kizimbani wamezoea chakula cha kuelea, kwa hiyo watakuja palepale kwenye jukwaa la wavuvi.

Juu ya kuchagua madume: subirini wapite gramu 30. Mlalisheni samaki chali, pakeni dawa ya zambarau ya dukani nyuma ya tundu la haja. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu, la katikati likiwa ufa mdogo wa kukingama. Mwenye macho mazuri anakosea mmoja katika 20. Akichoka anakosea zaidi, kwa hiyo mbadilishane kila saa. Ukinunua waliotiwa homoni ya kuwageuza madume hacharini bado wakague, si wote wanageuka.

Bi Likoni

Hapo kwa madume nitie neno. Mkia usio na mistari maana yake huenda mna wa pwani. Ukileta niloticus madume 120 ukawafungulia kati ya majike 1,000 wa spilurus, umetengeneza machotara. Kwa bwawa lililofungwa huenda afisa akakubali, lakini muulizeni kwa maandishi kwanza. Akikataa, chagueni madume bora kutoka kwa hawahawa 3,000 mnaowatoa. Waliodumaa wakipata chakula na nafasi hukua upya haraka kuliko watu wanavyodhani. Hamtapata wa kilo moja na nusu, lakini ngege wa nusu kilo kwa kamba nyembamba bado anachezesha mkono.

Kusi na Kaskazi

0.4 kwenye mita 2 inamaanisha nusu ya bwawa lenu haina faida usiku. Anzeni na pampu kabla ya kununua samaki hata mmoja. Msingoje masika, na msianze wiki ambayo mbingu zimefunga, kwa sababu mchana wa mawingu mwani hautoi hewa ya kutosha kufidia kile kinachopandishwa kutoka chini. Stima ikikatika usiku wa manane muwe na jenereta ndogo iliyojaribiwa kila wiki. Jenereta isiyowashwa ni chuma tu.

Maficho ya kambare msiweke kabla ya juya kumaliza kazi, litanasa na kuchanika. Baadaye wekeni vichwa vya mivinje vilivyokaushwa, vitatu vitatu, vikifungwa kwenye matofali mawili ya inchi sita kwa waya uliopakwa plastiki. Boriti za mikoko achaneni nazo, ni kesi. Mabomba ya inchi sita yenye urefu wa mita moja, matano yaliyofungwa pamoja, kambare huyapenda mno. Yote yakae kwenye kina cha mita 1.5 hadi 2, umbali wa mita 8 hadi 12 kutoka jukwaa, na kamwe si kwenye lile shimo mpaka chupa ije juu bila harufu.

Ndoana Namba Sita

Fundi na Bi Likoni wamenishinda, sawa. Basi niwape kanuni za kuvua, maana samaki mkubwa hufa zaidi mikononi mwa mgeni kuliko majini.

Kwa kambare: mshipi wa kuhimili kilo 15 hadi 20, ndoana ya duara namba 4/0 hadi 6/0, jino libanwe kwa koleo. Ndoana ya duara haivutwi kwa nguvu. Mvuvi akishtua fimbo, samaki anaachia. Anatakiwa akaze tu mshipi polepole, yenyewe inageuka na kushika pembe ya mdomo. Chambo utumbo wa kuku au dagaa. Wapo wanaotumia sabuni ya mche na inavua kweli, lakini kwenye bwawa la kurudisha samaki ipigwe marufuku, kwa sababu samaki huimeza yote na ndoana ikaingia tumboni. Akiwa amemeza, kata mshipi karibu na mdomo, usichokoe.

Kwa ngege: mshipi wa kuhimili kilo 2 au 3, ndoana namba 8 au 10, boya dogo la unyoya wa bata, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) ndogo moja tu sentimita 20 juu ya ndoana, chambo donge la ugali mgumu au nyungunyungu. Wengi huweka chubwi nzito na kushangaa mbona boya halitikisiki. Ngege anaonja na kutema akihisi uzito.

Wavu wa kuopolea uwe wa mpira au usio na mafundo. Mkeka uliolowa uwe chini kabla samaki hajatoka. Mikono imwagiwe maji, kitambaa kikavu kisimguse, kinavua utelezi unaomkinga na magonjwa. Kambare ashikwe nyuma ya miiba ya mapezi ya kifua. Mwiba huo unachoma hadi mfupa. Picha isizidi nusu dakika. Na joto la juu likipita nyuzi 32, funga uvuvi wa ngege kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi. Wageni watanung'unika, wapeni madafu.

MwanaShanzu

Tumeelewana. Swali la mwisho: tutajuaje kama idadi ya vidagaa imeanza kupanda tena, bila kukokota juya kila mwezi?

Fundi wa Mabwawa

Kila miezi mitatu chukueni ngege 100 wa kwanza wenye zaidi ya sentimita 10, kwa dema lilelile, mahali palepale. Hesabuni wanaopita sentimita 18. Wakiwa chini ya 10, rudisheni madema kwa wiki mbili. Wakipita 40, kambare wamekula hadi wamewamaliza watoto: ongezeni chakula cha kambare kwa nusu kilo kwa siku, na msitoe ngege tena hadi kipimo kinachofuata. Pimeni na kambare watano kila mara, urefu na uzito, kwa hesabu ileile ya mwanzo. Kambare ni mwembamba kwa umbo, kwa hiyo kwake 0.7 hadi 0.9 ni kawaida. Akishuka 0.6 ana njaa, hata kama mgeni aliyemvua anaona ni mkubwa.